Mfupa wa shingo ambao haukuungana: tuliyopitia na mdogo wangu kutoka Kirumba hadi Muhimbili

Kama wewe au ndugu yako mmepigwa picha ya shingo mkaambiwa kuna mfupa "haujaungana", au "umevunjika ila hatuelewi lini", nisikilize kidogo. Sisi tulipewa majibu mawili tofauti kwa picha ileile, la kwanza halikuwa sahihi, la pili lilikuwa nusu sahihi, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo karibu impoozeshe mdogo wangu. Mimi si daktari, mimi nauza dagaa Kirumba mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza. Ila ukikaa sana kwenye mabenchi ya hospitali na ukawa mtu wa kuuliza maswali kama mimi, unaondoka na vitu kichwani.

Mdogo wangu ni kijana wa miaka ishirini na kitu, kazi yake ilikuwa kushusha na kupakia magunia palepale mwaloni. Wanaoijua kazi ile wanaelewa, gunia linakaa begani na kwenye shingo, kichwa kimelazwa upande mmoja, mwendo ni wa nusu kukimbia juu ya ubao kutoka botini hadi kwenye gari, siku nzima. Kabla ya yote haya alishawahi kuniambia vidole vinakufa ganzi, nikamjibu kila mtu mwaloni ana ganzi, kapumzike.

Alafu ikaja ajali ya bodaboda, ndogo tu. Pikipiki iliteleza kwenye mchanga njia ya kwenda Pasiansi, akaangukia bega, akainuka mwenyewe akajipangusa. Usiku shingo ikakaza. Asubuhi akaenda hospitali moja hapa mjini, wakampiga eksirei, na muda si mrefu nesi akatoka mbio na kola ya kufunga shingo mkononi, "usitikise kichwa wewe kijana, usitikise!" Wakasema pingili ya pili ya shingo imevunjika, kipande cha juu kimekatika kabisa. Napigiwa simu niko kwenye mizani, nikamwacha mteja na dagaa wake.

Mama yuko Ukerewe, kesho yake akapanda meli Nansio akilia njia nzima. Huku ukoo umeshafungua grupu la michango kabla hata hatujajua tunachangia nini. Mdogo wangu kalazwa chali, kola imembana, kugeuzwa ni watu watatu wanne, na kila anayekuja kumwona anakuja na hadithi ya mtu aliyevunjika shingo akafa. Watu wa Mwanza kwa kutia moyo, acha tu.

Baada ya siku kadhaa akaingia zamu daktari mwingine. Akaiangalia ile picha, akaiangalia tena, akasema hii haijavunjika, huyu kazaliwa hivi, kuna watu mfupa huu hauungani toka utotoni, mvueni kola aende nyumbani na dawa za maumivu. Unaweza kufikiria furaha yetu. Siku ileile mama alinunua sato mkubwa, tukala, tukamshukuru Mungu, grupu la michango likafungwa na waliokuwa wametuma hela wakaanza kuulizia hela zao.

Sasa hapa nisimame nieleze hilo jambo lenyewe, maana bila kulielewa hutajua kwa nini nasema nusu sahihi.

Shingo ina pingili 7. Mbili za juu kabisa hazifanani na zile za chini. Ya kwanza inaitwa atlasi, hiyo ni duara tu, haina ule mwili mnene wa mbele kama wenzake, na fuvu limekaa juu yake. Ya pili inaitwa aksisi, na yenyewe ina mfupa umechomoza kwenda juu, madaktari wanauita jino, unaingia ndani ya lile duara upande wa mbele na umefungwa pale kwa kano. Ukigeuza kichwa kulia na kushoto, karibu nusu ya mgeuko wote unafanyika kati ya pingili hizi mbili. Na nyuma ya jino, ndani ya duara hilohilo, ndiyo unapita uti wa mgongo, nazungumzia ule laini wa ndani unaopeleka taarifa mikononi, miguuni, mpaka kwenye kupumua. Daktari mmoja alituchorea kwenye karatasi: gawa nafasi ya ndani ya duara mafungu matatu, fungu moja ni la jino, moja la uti, moja liko wazi. Hilo la wazi ndiyo akiba yako. Likiisha, uti unaanza kubanwa.

Jino lenyewe halizaliwi likiwa kitu kimoja. Mtoto mdogo analo kwa vipande, katikati gegedu. Shina lake linaungana na mwili wa pingili kwenye miaka ya 3 mpaka 6 hivi, na ncha ya juu kabisa inakuja kuungana karibu na miaka 12. Kwa mdogo wangu, chini kulibaki kisiki kifupi na juu kipande cha mfupa cha mviringo kimekaa chenyewe. Jina lake ni osi odontoidiamu, na si kitu kipya, kilishaandikwa na madaktari toka mwaka 1886. Wanachobishana mpaka leo ni chanzo. Wapo wanaosema mtu anazaliwa nacho, wapo wanaosema ni jino lililovunjika utotoni, mtoto akaanguka, watu wakaona kalia tu kidogo, mfupa haukuunga. Tulipoulizwa hilo, mama akakumbuka kwamba mdogo wangu alipokuwa na miaka mitatu alianguka kwenye mwembe kwa babu yake, akalala siku mbili shingo imepinda, wakamkanda maji ya moto, akapona. Daktari akatabasamu tu akasema inawezekana, na hakuna picha itakayotuambia.

Namna ya kutofautisha na mvunjiko mpya nilikuja kuelezwa baadaye na nikaoneshwa kabisa kwenye kompyuta. Mfupa uliovunjika jana kingo zake zinakuwa na makali na zimechongoka ovyo, na vipande viwili ukivirudisha vinakaa. Huu wa kwake kingo zilikuwa laini, za mviringo, zina ukingo mweupe mgumu pande zote, na lile tao la mbele la atlasi lilikuwa nene kuliko kawaida kwa sababu miaka yote limekuwa likifanya kazi ya ziada. Kwahiyo yule daktari wa pili alikuwa sahihi kabisa aliposema haijavunjika. Ila mlingoti uliokatika shinani, hata kama ulikatika miaka ishirini iliyopita, tanga bado linaenda linakotaka. Hakuna mtu aliyeuliza kama kile kipande kinatembea. Picha ilipigwa amelala, kichwa kimetulia, imetosha.

Akarudi kazini. Wiki chache za mwanzo poa. Kisha akaanza kuangusha vikombe. Vifungo vya shati vinamshinda, anamwita mtoto wangu amfungie. Akishuka ngazi anajikwaa, na akiinamisha kichwa kufunga kamba za viatu anasema kuna umeme unashuka mgongoni mpaka miguuni. Huo umeme ushike vizuri hapo kichwani, kama unaupata usisubiri mwezi wa pili. Sisi nyumbani tukagawanyika. Mjomba akasema karogwa na wenzake wa mwaloni kwa sababu ya zamu za kupakia. Shangazi akataka apelekwe kwa mzee mmoja upande wa Magu anayenyoosha mifupa, eti anakushika kichwa anakivuta mara moja kinakaa sawa. Mimi nikagoma, si kwa sababu nilijua chochote, niliogopa tu. Na huku tunabishana nani ampeleke wapi, mwenyewe akaenda kunyoa.

Wanaume mnaijua ile ya kinyozi akimaliza, anakupaka spiriti, anakukanda mabega, alafu anakushika kidevu na kisogo anakizungusha kichwa ghafla mpaka shingo ilie kaa, upande huu na upande ule. Watu wanalipia. Alipozungushwa upande wa pili akasikia joto limepita mwili mzima na miguu ikawa haipo. Anasema alikuwa anaiona ila si yake. Wakamlaza kwenye benchi la saluni, baada ya dakika kama kumi hivi miguu ikaanza kurudi kwa kuchomachoma. Kinyozi kijana wa watu alikuwa anatetemeka kuliko yeye. Simlaumu, hata yeye hakujua. Ila tangu siku hiyo nikiona mtu anazungushwa shingo saluni, kwetu au popote, naongea, wakiniona kichaa sawa.

Jioni ileile tulimrudishia kola na kumpeleka Bugando, hospitali ya rufaa hapa Mwanza. Na hapa ndiyo niliona tofauti ya kuulizwa maswali. Daktari hakukimbilia picha, alianza na mwili. Akamwambia afumbe na kufumbua ngumi haraka haraka, mikono ikawa mizito. Akamshika kidole cha kati akakifyatua ukucha, kidole gumba kikaruka chenyewe, akatuambia hiyo ni dalili uti unasumbuliwa juu. Akamtembeza kwa kufuata mstari, akayumba. Ndiyo akaomba ile picha ya kwanza. Kwa bahati nilikuwa nimeing'ang'ania CD ile siku ya kutoka japo mtu wa dirishani alisema haina kazi tena. Chukueni CD zenu, na ripoti ya maandishi, na mpige picha karatasi zote ziwe kwenye simu. Bila ile CD wangeweza kudhani hili limetokea saluni na hesabu nzima ingebadilika.

Alafu wakapiga eksirei za namna nyingine, moja ameinamisha kichwa mbele, nyingine amekiinua nyuma. Hizi zina masharti. Mgonjwa anainama mwenyewe, taratibu, hakuna mtu anayemsukuma kichwa, daktari amesimama pale, na akisikia ganzi au umeme anaacha papo hapo. Mtu aliyeumia leoleo au aliyezidiwa hapigwi picha hizi kiholela. Kwake zilionesha wazi, akiinama atlasi inaenda mbele na kile kipande kimeifuata, akiinua kichwa vyote vinarudi nyuma. Nafasi ya uti ikawa inafinywa kila anapoitikia "ndiyo" kwa kichwa. Nikafikiria magunia yote yale.

MRI, ile picha inayoonesha uti wenyewe, ikathibitisha, kuna sehemu uti ulikuwa umebanwa na ndani yake kuna doa jeupe. Daktari hakutuficha, akasema doa lile linaweza lisiondoke hata tukifanya kila kitu, upasuaji unazuia lisiongezeke, kupata nafuu ni jambo la kungoja.

Kuhusu hela niseme ukweli. Tulikuwa na kadi ya CHF, bima ya afya ya jamii, ile iliyokuwa elfu 30 kwa mwaka kwa kaya, ilikuwa inasaidia vizuri ngazi za chini mpaka hospitali ya mkoa, lakini kwa kitu cha ukubwa huu ilikuwa mfukoni. MRI peke yake ilikula mtaji wangu wa giza zima la dagaa. Grupu la michango likafunguliwa upya, na safari hii watu walikuwa wazito kwa sababu mara ya kwanza tuliwaambia kapona. Ushauri wangu hapo, msitangaze mtu kapona mpaka mmepata jibu la maandishi.

Kwenye benchi la kusubiri kliniki nilikutana na watu ambao shingo zao zilinifungua macho kuliko hata ya mdogo wangu, maana nilikuwa nimeshaamini kila mfupa usioungana ni hatari. Kulikuwa na mama mmoja wa Sengerema, kavuka daraja la Kigongo–Busisi asubuhi hiyo na wasiwasi wake, kapigwa picha kwa maumivu ya kawaida ya shingo akaambiwa atlasi ina ufa nyuma. Alilia kama sisi tulivyolia. Kumbe tao la nyuma la atlasi linatakiwa kuungana katikati mtoto akiwa na miaka 3 mpaka 5 hivi, na kwa watu kama 4 katika kila 100 haliungani, linabaki na mwanya, na wengi wao wanazeeka bila kujua. Wakamhakikishia kwa CT, picha inayoonesha mfupa kwa undani, kingo laini, hakuna uvimbe, hakuna kinachotembea, akarudi nyumbani na mazoezi ya shingo. Kuna baba alikuwa na mtoto wa miaka minne aliyeanguka shuleni, kwenye picha kuna mstari unakatiza chini ya jino, kumbe ni lile gegedu ambalo bado halijawa mfupa, umri wake unaruhusu. Mtoto anakimbia kwenye korido, baba ndiye mgonjwa.

Na kuna kijana mwenye shingo fupi, nywele za kisogo zimeshuka chini, akigeuka anageuka mwili mzima. Huyo pingili zake zilizaliwa zimeshikana, inaitwa Klippel-Feil, kwa majina ya madaktari wawili wa Ufaransa walioieleza mwaka 1912. Yeye aliambiwa apige ultrasaundi ya figo na apimwe masikio, kwa sababu wenye hali hiyo mara nyingi wana hitilafu huko pia, mwingine anaishi na figo moja na hajui. Na kwamba pingili zikishikana, zile zilizo huru juu na chini yake zinabeba kazi yote na kuchoka mapema. Ni hivyohivyo kwa watu ambao atlasi imeshikana na fuvu, wapo, shida inajitokeza kati ya pingili ya kwanza na ya pili. Na watoto waliozaliwa na hali ya Down (Down syndrome) kano za pale juu zinakuwa legevu, kwahiyo mzazi kabla hujamruhusu sarakasi au kabla hajapewa nusu kaputi, sema shingo iangaliwe.

Ndiyo nikaelewa kwamba kusema "umezaliwa nayo" hakuji na jibu la kama uko salama. Mama wa Sengerema kazaliwa nayo akaenda kupika, mdogo wangu labda kazaliwa nayo na alikuwa anaelekea kwenye kiti cha magurudumu. Ukiwa mbele ya daktari uliza je, kinatembea? Uti una nafasi? Kuna dalili mikononi na miguuni? Hayo matatu yakijibiwa utajua uko benchi la nani.

Tukapewa rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar. Basi tulikataa, zaidi ya kilomita elfu moja za matuta na shingo ile hapana, tukakopa kwa vikoba, ndege. Uwanjani nilionesha barua ya rufaa wakatupa siti za mbele. Kama mnasafiri hivyo kola ivaliwe toka nyumbani mpaka kitandani, na ndugu anayebeba mabegi awe mwingine, maana mdogo wangu kwa mazoea ya kazi alikuwa anataka kujitwisha.

Dar nilidhani tunaenda kupangiwa siku tu. Daktari wa upasuaji akasema CT tena, safari hii na dawa ya rangi kwenye mishipa ya damu. Nikachukia. Nikamwambia dokta, hela imeisha, picha zote hizi si zipo? Akaniita kwenye skrini, "dada njoo uone ninachokiogopa mimi."

Kumbe kuna mishipa miwili ya damu inayopanda ubongoni kupitia kwenye matundu ya pembeni ya pingili za shingo, inaingia pingili ya sita inapanda mpaka ya kwanza, pale inajikunja kwenda nyuma na kulala juu ya tao la atlasi ndiyo inaingia kwenye fuvu. Skrubu za kuunganisha pingili ya kwanza na ya pili zinapita jirani kabisa na njia hiyo. Kwa watu wengine, kama mmoja kati ya sita, kuna kidaraja cha mfupa kimeota juu ya ule mshipa pale kwenye atlasi, wanakiita pontikulasi postikasi. Akiwa nacho mtu anaishi tu, hakimsumbui. Lakini daktari akifungua anaona tao limekuwa nene, pana, zuri la kuwekea skrubu, kumbe ndani ya huo unene ndimo mshipa umelala. Ukitoboa pale ni damu, na inaweza kuwa kiharusi mezani. Mdogo wangu alikuwa nacho upande wa kulia. Na kama hiyo haitoshi, kwenye pingili ya pili upande wa kushoto mshipa ulikuwa umepanda juu na kuingia ndani kuliko kawaida, sehemu ya skrubu imebaki nyembamba mno. Hilo nalo akasema haliko kwa wachache. Tena mishipa yenyewe hailingani, kwa watu wengi wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia, na ukijeruhi ule mkubwa, mdogo unaobaki huenda usitoshe.

Akabadilisha mpango palepale mbele yangu, kushoto kwenye pingili ya pili skrubu haitapita njia ya kawaida, itawekwa kwenye ubapa wa nyuma. Nilinyamaza. Hela ya ile CT sijawahi kuijutia, na ukiambiwa unaenda kuwekewa vyuma pingili ya kwanza na ya pili, uliza kwa heshima, "dokta, njia ya mshipa wa damu mmeiona kwenye picha?" Daktari mzuri hakasiriki.

Vyuma ndiyo vilikuwa gharama kubwa kuliko upasuaji. Tuliuza injini ya boti ya marehemu baba, uamuzi ambao mama aliufanya bila kutuuliza na hakutaka uzungumziwe. Damu ndugu walijitolea, tafuteni watu mapema msisubiri siku ya mwisho kupiga simu. Dokta wa usingizi alikuja jioni kabla, akamwangalia mdomo na shingo, akasema watamwekea mpira wa kupumulia kwa kamera bila kukunja kichwa nyuma, kwa sababu kukikunja kichwa mtu wa hivi akiwa amelala ni hatari ileile ya saluni. Hapo niongeze, mwenye tatizo hili hata akienda kupasuliwa kidole tumbo miaka kumi ijayo, cha kwanza kuwaambia ni shingo.

Upasuaji ulichukua saa nyingi. Sitazieleza, wanaojua korido zile wanajua. Walimtoa kipande cha mfupa nyongani wakaupandikiza nyuma ya pingili, kwa sababu vyuma vinashikilia tu kwa muda, kinachounganisha ni mfupa kuota. Cha ajabu alilalamika nyonga kuliko shingo, tena kwa wiki kadhaa, na hakuna aliyekuwa ametuandaa kwa hilo.

Kola miezi mitatu. Joto la Dar, alafu la Mwanza, jasho ndani ya kola linakata ngozi, tulikuwa tunaweka kitambaa cha pamba laini tunabadilisha asubuhi na jioni. Kunyoa ilikuwa nyumbani, kwa mkono wangu, vibaya. Fiziotherapia ya mikono tulianza mapema, kuokota punje za mchele moja moja, kufunga vifungo, kukunja nguo, na hiyo ndiyo naona ilirudisha vidole zaidi ya dawa za ganzi tulizokuwa tunanunua duka la dawa.

Matokeo siwezi kuyapamba. Umeme mgongoni umeisha. Hatembei akiyumba. Vidole viwili vya mkono wa kushoto bado vina ganzi, baridi ikipiga kutoka ziwani vinakuwa vigumu. Na shingo haigeuki kama zamani, ule mgeuko wa kati ya pingili ya kwanza na ya pili umekwenda moja kwa moja, akitaka kuona nyuma anageuza mabega. Kuendesha pikipiki kaambiwa hapana. Magunia hapana kabisa. Hili la kazi lilimuumiza kuliko kisu, kijana aliyezoea kulipwa kwa nguvu zake anaambiwa akae, na kuna kipindi alikuwa haongei na mtu, anakaa kwenye mawe pale Kapripoint mpaka jua linazama. Hospitali hawakuuliza kuhusu moyo wake, sisi tuliona tukaanza kumshirikisha kwenye biashara. Sa hivi ndiye anayeshika daftari na mizani, anabishana bei na wanunuzi wa Kongo kuliko mimi.

Kwenye mwaka alipigwa CT, mfupa umeota, vyuma vimekaa. Wameandika karatasi moja inayosema nini kimeunganishwa, lini, na mshipa wa damu umepita wapi kila upande. Nakala iko kwa mama Nansio, iko kwangu, na ipo kwenye simu yake mbele kabisa, kwa jina "SHINGO", ili hata akikutwa njiani hajitambui, anayeifungua simu aione kabla hajamkunja kichwa.